Pensheni ya Mwalimu, kadi ya benki na mkwe aliyelaumiwa

Kisa hiki kinahusu familia moja ya mtaa wa Kikuyu, jijini Dodoma. Nilikishughulikia nikiwa msaidizi wa kisheria, na wenyewe wameridhia nikiandike mradi wasijulikane. Kwa hiyo humu hakuna jina la mtu, na mambo machache ya kuwatambulisha nimeyabadilisha. Hesabu za fedha nimeziacha nilivyozikuta, maana bila hesabu kisa chenyewe hakieleweki.

Mwenye kisa ni mama wa miaka 74, mjane, aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu akiwa na miaka 60. Majirani bado wanamwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo. Ana watoto watatu. Wa kwanza ni wa kiume, yuko Dar es Salaam. Wa pili ni binti, ameolewa Arusha. Kitinda mimba ni dereva wa bodaboda na anaishi na mama yake pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Pensheni ya Mwalimu kutoka PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni shilingi 312,000 kwa mwezi. Ana kisukari na presha, na macho yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho.

Mambo yalifumuka pale Mwalimu alipoanguka usiku akienda chooni, akavunjika mkono. Watoto wa mbali walipokuja kumwona, walikuta sukari iko juu, dawa anakunywa siku moja na kuruka mbili, unga unanunuliwa kwa kilo moja moja, na kwenye pochi ya mama yao hakuna hata elfu tano. Binti akauliza pensheni inakwenda wapi. Kabla hajajibiwa, macho ya ukoo mzima yalikuwa yameshamgeukia mkwe, yaani mke wa kitinda mimba.

Kila mmoja na maelezo yake

Kaka mkubwa alisema anatuma 50,000 kila mwezi, na kweli miamala aliionyesha kwenye simu. Ila alikuwa akimtumia mdogo wake, si mama. Binti alisema dawa ananunua yeye na kuzituma kwa basi, na sikukuu anaongeza hela ya nyama. Kitinda mimba alisema anayelala na Mama nyumba moja ni yeye, wenzake wanakuja kama wageni na kuondoka wakiacha lawama. Mkwe hakusema neno. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akichambua mlenda. Mwalimu mwenyewe alirudia sentensi moja tu: "Watoto wangu ni wazuri, msinigombanie."

Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuwa anatoa kitu, na hakuna aliyekuwa anaona jumla yake.

Niliomba nizungumze na Mwalimu peke yake. Jambo hili nalisisitiza kwa kila familia inayonisikiliza. Mzazi akiulizwa mbele ya wanawe hasemi habari zake, anawakinga wao. Tulipokaa chini ya mwarobaini wa uani, wenzake wakiwa ndani, Mwalimu alieleza yote bila kigugumizi. Kadi yake ya benki ilikuwa haijalala nyumbani kwake kwa miezi tisa. "Nilimpa mwanangu," alisema, "sikumpa mgeni." Na mwanawe, pikipiki ilipokufa injini, alikuwa ameipeleka kadi hiyo rehani pamoja na namba ya siri.

Mkopo wa laki sita

Kitinda mimba alikopa 600,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, ile mikopo ambayo watu wameiita kausha damu. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi, yaani 120,000. Pensheni ikiingia tu, mkopeshaji alikwenda kwa wakala wa benki akatoa 312,000 zote, akakata 120,000 zake, akarudisha 192,000. Deni lenyewe halikupungua hata shilingi, kwa sababu alichokuwa akikata ni riba tupu. Kwa miezi tisa alishachukua 1,080,000 na bado alikuwa akidai laki sita zake zikiwa nzima.

Pikipiki ilipona, na kijana alikuwa anaamka saa kumi na moja kwenda kijiweni kila siku. Sikuona mwizi pale. Niliona mtu aliyekwama, aliyekopa kwa haraka na kisha akaona haya kusema.

Ndugu walitaka waende kwa mkopeshaji jioni ile ile. Niliwazuia. Anayeshika kadi na namba ya siri akishtuka mapema, anaweza kwenda kutoa chochote kilichobaki. Kesho yake asubuhi Mwalimu alipanda bajaji mpaka kwenye tawi la benki yake akiwa na kitambulisho chake cha Taifa, akaomba kadi ya zamani ifungwe, akapewa mpya. Wakati wa kuchagua namba ya siri nilisogea mbali, na binti yake nilimwomba asogee pia. Binti hakupendezwa. Lakini haina maana kuitoa namba mikononi mwa mtoto mmoja na kuiweka mikononi mwa mwingine kwa sababu tu huyu wa pili anaonekana mwaminifu zaidi.

Ndipo tukamwita mkopeshaji kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti na afisa maendeleo ya jamii. Alikuja kwa ukali, na mkataba mkononi. Mkataba ulikuwa na sahihi ya kitinda mimba peke yake. Mwalimu hakukopa wala hakudhamini, kwa hiyo hakuwa mdaiwa hata kidogo. Tulimwomba leseni, akatoa leseni ya biashara ya halmashauri. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha namna hiyo yuko daraja la pili na anapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa daraja hilo. Leseni hiyo hakuwa nayo.

Mwenyekiti alichukua karatasi tukapiga hesabu mbele ya wote. Asilimia 3.5 ya laki sita ni 21,000. Kwa miezi tisa inakuwa 189,000. Ukijumlisha na mtaji wake, alistahili 789,000 kwa hesabu ya kumpendelea kabisa. Alikuwa ameshachukua 1,080,000, kwa hiyo ziada ilikuwa 291,000.

Alinyamaza muda mrefu, halafu akasaini kwamba hadai tena. Zile 291,000 Mwalimu alisema zisifuatwe. "Huyu tunakutana naye misibani," alisema. Mimi ningezifuata, na nilimweleza hivyo. Hela ni ya kwake lakini, na uamuzi ulikuwa wa kwake.

Hapo kuna jambo kubwa kuliko familia moja. Zanzibar, tangu mwaka 2016, mzee wa miaka 70 na kuendelea analipwa pensheni jamii hata kama hakuwahi kuajiriwa. Bara hatuna utaratibu wa namna hiyo. Wazee wengi wa Dodoma walilima mtama, uwele na karanga maisha yao yote kwenye nchi yenye msimu mmoja wa mvua, na uzeeni wanategemea shamba na watoto. Katika mtaa, mzee mwenye pensheni ni mmoja kati ya wengi wasio nayo. Kadi yake inakuwa ndiyo dhamana pekee ambayo nyumba nzima inayo, na wakopeshaji wanalijua hilo vizuri.

Mkwe

Kaka mkubwa alidhani shauri limekwisha siku ile. Kwangu mimi ndiyo kwanza tulikuwa tumefika penyewe.

Nilimwomba mkwe aandike kwenye daftari, kwa mwezi mzima, kila anachofanya na kila shilingi inayopita mkononi mwake. Daftari liliposomwa mbele ya ndugu, nyumba ilitulia. Alikuwa anaamka saa kumi kuchemsha maji. Anamwogesha Mwalimu, anambadilisha nguo, anampima sukari, anampikia uji wa uwele usio na sukari na kupika chai nyingine ya watoto. Mchana ugali na mlenda, kipande cha samaki kikipatikana. Usiku anaamka mara mbili kumsindikiza chooni, tangu aanguke. Na zile 192,000 zilizokuwa zinarudi kutoka kwa mkopeshaji hazikuwa zikimfikia zote. Zilipita kwa mumewe, zikatoka mafuta ya pikipiki na madeni madogo madogo, na yeye akapewa zilizobaki ili alishe watu watano.

Pengo alikuwa analiziba mwenyewe. Kabla ya Mwalimu kuanguka alikuwa akikaanga maandazi na karanga, anauza soko la Sabasaba, anapata faida ya kama 6,000 kwa siku. Vile vipimo vya sukari ambavyo binti aliamini vinanunuliwa na pensheni vilitoka kwenye kibubu cha maandazi. Mwalimu alipovunjika mkono biashara ilikufa, na kibubu kikaisha.

Kwa hiyo mtu aliyenyoshewa kidole ndiye aliyekuwa akitoa kuliko wote, na alikuwa akitoa bila ushahidi. Hana muamala wa kuonyesha kwenye simu, na kuamka saa nane za usiku hakutoi risiti. Ninaumia kila nikiona jambo hili, na nimeliona kwenye nyumba nyingi za mji huu. Kwa mila zetu mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Basi kazi yote ya mwili inamwangukia mke wa yule anayeishi nyumbani, halafu kwenye kikao cha familia yeye hana kauli kwa kuwa si damu.

Nilipendekeza wale wawili wa mbali wamtumie mkwe 30,000 kila mmoja, moja kwa moja kwenye namba yake. Binti alikataa. "Mbona mimi nilimuuguza mama mkwe wangu bila kulipwa?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na nilimwambia hivyo, kisha nikamuuliza nani aliyempikia wanawe siku zile. Akakaa kimya. Kikwazo cha pili alikuwa mkwe mwenyewe. Alisema hataki mshahara wa kumwogesha Mama, watu watasema nini. Mwisho wakakubaliana kuwa ni mtaji wa maandazi, na kwamba binti wa jirani aliyemaliza kidato cha nne akae na Mwalimu asubuhi mpaka saa tano ili mkwe auze. Binti huyo atapewa posho kutoka kwenye ile 50,000 ya kaka mkubwa, ambayo sasa inakwenda kwenye simu ya Mwalimu. Mwezi wa sita na wa kumi na mbili binti wa Arusha atakuja kukaa na mama yake, mkwe apumzike, aende kwao Mpwapwa akitaka.

Wazo la kumhamishia Mwalimu Arusha lilijadiliwa kidogo tu. Alilikataa mwenyewe. Kanisa lake liko hapa, wenzake aliofundisha nao wako hapa, kliniki anaijua. "Arusha nitakaa ndani naangalia televisheni nisiyoiona," alisema. Ukimsikiliza, hakuwa anakataa watoto. Alikuwa anakataa kuwa mgeni akiwa na miaka 74.

Macho, laini ya simu na bima

Haya matatu niliyakuta yamefungana, na ningeshauri familia yoyote iyatazame pamoja.

Mwalimu alikuwa haoni maandishi ya simu. Ujumbe wa benki ukiingia, anampa mjukuu amsomee. Laini yenyewe haikuwa yake. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, zoezi lililofikia ukomo Januari 2020, vidole vyake viligoma kusoma kwenye mashine, basi mjukuu wa kwanza akaisajili kwa kitambulisho chake. Sasa mjukuu huyo anasoma Iringa. Ina maana hela zote za simu za bibi, ujumbe wa benki na taarifa za mfuko wa pensheni, pamoja na zile za kumtaka ajihakiki kuwa yupo hai, vilikuwa kwenye laini ambayo kisheria ni ya kijana mwingine. Mjukuu ni mtoto mwema. Lakini laini hiyo ingepotea leo, Mwalimu asingeweza kuirudisha yeye mwenyewe.

Tulikwenda duka la huduma kwa wateja la kampuni ya simu. Kidole gumba kiligoma, cha shahada kikagoma. Mhudumu alimpa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu afute vidole, akajaribu vyote taratibu, na cha kati cha mkono wa kushoto kikasoma. Kuna wazee wengi ambao jembe au chaki zimefuta alama za vidole vyao, na wakikataliwa mara ya kwanza huondoka. Ombeni vidole vyote kumi vijaribiwe.

Kuhusu bima, Mwalimu alikuwa na kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kabatini. Aliamini ilikufa siku aliyostaafu, ndiyo maana dawa zilikuwa zinanunuliwa dukani na kutumwa kwa basi. Mtumishi wa umma aliyestaafu akiwa mwanachama anaendelea kutibiwa yeye na mwenzi wake bila kukatwa mchango. Binti alikuwa ametumia hela nyingi kwa upendo mahali ambapo hazikuhitajika. Kwa wasomaji ambao wazazi wao walikuwa wakulima, njia ni nyingine. Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na mzee asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya umma. Utambuzi unaanzia kwa serikali ya mtaa au kijiji na afisa ustawi wa jamii. Mzee asiyetambuliwa mapema huanza kuhangaikia karatasi akiwa tayari amelala kitandani.

Mwalimu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia Mvumi, hospitali ambayo watu wa huku wanaijua kwa macho. Ndugu walilichukulia kama suala la afya tu. Mimi nililihesabu kuwa ulinzi wa fedha zake pia, tena wa kwanza. Jicho lilipofunguka, alianza kusoma salio lake mwenyewe, na tangu hapo hakuna mtu anayemsomea ujumbe wa benki.

Hesabu ya mwezi

Bajeti aliipanga yeye, kwa mwandiko wake wa ubaoni, baada ya bandeji ya jicho kutoka. Chakula 120,000. Umeme, maji na mkaa 45,000. Bajaji za kliniki na vitu visivyo kwenye bima 30,000. Mchango wa shule kwa wajukuu wa nyumbani 40,000. Sadaka na michango ya misiba 30,000. Akiba 47,000. Jumla 312,000.

Kaka mkubwa alitaka ile 30,000 ya sadaka na misiba ipunguzwe, akasema mama mgonjwa hana sababu ya kuchangia watu. Nilimpinga waziwazi. Mwalimu amekaa mtaa ule zaidi ya miaka thelathini. Usiku ule alipoanguka, waliombeba mpaka kwenye gari walikuwa majirani, na gari lilikuwa la mtu aliyewahi kuchangiwa naye kwenye msiba wa mkewe. Ukimnyima mzee uwezo wa kuchangia, unamwondoa kwenye hesabu ya watu. Kipengele kilibaki.

Kadi inakaa kwenye pochi yake. Anakwenda kutoa hela tawini, akisindikizwa na mkwe au mjukuu, na namba anabonyeza yeye. Mwisho wa mwezi daftari linapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la ndugu. Kitinda mimba anamrudishia mama yake 3,000 kwa siku za kazi. Mwalimu hakumdai; kijana aliomba mwenyewe, na siku nyingine analeta mboga badala yake.

Nyumba

Kilichobaki ni kigumu kuliko kadi. Kiwanja kilitolewa enzi za CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ardhi na ujenzi wa makao makuu Dodoma, kwa hati ya miaka 33, kwa jina la marehemu mume wake aliyekuwa mtumishi wa reli. CDA ilivunjwa Mei 2017, ardhi ikaenda halmashauri, na wenye hati zile wakaelekezwa kubadilisha kuwa za miaka 99. Familia hii haikubadilisha, kwa sababu mwenye jina alikuwa ameshafariki na mirathi haikufunguliwa. Tangu serikali ihamie Dodoma viwanja vya Kikuyu vimepanda bei, na madalali wanagonga mlango. Mmoja alishamwambia kitinda mimba kwamba sahihi ya mama inatosha. Haitoshi. Bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, nyumba ile haina mtu wa kuiuza wala wa kubadilisha hati yake, na Mwalimu mwenyewe akiondoka leo watoto watakuwa na mirathi mbili juu ya ukuta mmoja.

Kikao cha ukoo kimekaa na kumpendekeza Mwalimu awe msimamizi, akisaidiwa na binti. Wengine walisema ni mzee mno. Mtu anayepanga bajeti ya nyumba bila kukosea hata shilingi anaweza kusimamia mirathi ya mume wake, na kusubiri ni kumpotezea muda ambao bado ana akili timamu na kauli. Baada ya hapo ataandika wosia wake na kuupeleka RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia, utunzwe. Ameshaniambia mkwe atakuwemo.

Muhtasari wa kikao una sahihi zote isipokuwa ya kaka mkubwa, ambaye anataka kwanza ijulikane nani atarithi vyumba vya mbele. Binti amepanga kumfuata Dar kwa treni mwisho wa mwezi na karatasi mkononi, na Mwalimu amewaambia watu wa nyumbani kwamba dalali yeyote akija aambiwe arudi barua ya mahakama ikishatoka.